Uji wa Mutinda na Matone ya Chuma

Asubuhi niliporipoti kazini katika zahanati moja karibu na Tawa, Muuguzi Msimamizi hakunipa mkono. Alinikabidhi mizani ya kuning'inia, ile yenye ndoana na suruali ya turubai ambamo mtoto huketishwa, akasema, "Anza na wanaolia. Wanaonyamaza ndio watakaokusumbua." Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha lishe, nikadhani anatania.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Tulipima uzani, kisha tukauzungushia mkono wa juu utepe wa rangi tatu, nyekundu ikiwa ndiyo ya hatari. Watoto waliozaliwa na uzani pungufu, yaani chini ya kilo mbili na nusu, walikuwa na daftari lao. Mtoto wa namna hiyo hutangulia kuja kabla mwili wake haujajiwekea madini ya chuma ya kutosha, ndiyo maana tuliwapa chuma cha maji kwa matone. Akina mama walikiita dawa ya kutu. Mtu aliyewahi kukionja hawezi kuwalaumu.

Baadaye nilihamishiwa Mukuyuni, chini ya Tabibu Msimamizi, mwanamume mpole wa sauti ambaye upole wake ulikuwa mkali kuliko makelele ya wengine. Huko ndiko nilikokutana na Mutinda. Alikuwa na umri wa miaka mitatu, amezaliwa mdogo kupindukia, hasemi, hamtazami mtu usoni, na hospitali kuu ilikuwa imethibitisha kwamba ana usonji. Alikula kitu kimoja tu: uji wa wimbi usio na sukari, katika kikombe kilekile cha bati. Damu yake ilipopimwa, ikaonekana imepungua.

Mama yake, Mwende, alishona nguo sokoni. Alijaribu kumpa matone kwa kijiko, mtoto akayatema. Nami, kwa ujuzi wangu wa darasani, nikamwambia, "Yakoroge ndani ya uji. Hatajua."

Alijua. Siku ya tatu Mwende alisimama mlangoni mwangu akiwa amembeba mgongoni.

"Daktari, ulinipatia dawa ama ulininyang'anya uji? Hii uji ndiyo chakula tu alikuwa anakubali. Sasa hata nikipika bila dawa anausukuma. Ni maji tu anakunywa."

Nilimpima. Uzani ulikuwa umeshuka. Nikaenda kwa Tabibu na maelezo marefu, akayakata.

"Kwani wewe ukiwekewa kitu kwa chakula bila kuambiwa, utakula tena kwa huyo mtu?"

"Hapana, daktari."

"Huyu mtoto anaamini vitu viwili hapa duniani, uji wake na nyanya yake. Umemharibia kimoja. Enda kwao ukirudishe. Asipokunywa kufikia kesho jioni, tunampeleka hospitali awekewe mrija wa puani, na unajua vile ataogopa."

Nilienda. Nyanya yake Mutinda, ambaye wote walimwita Susu kama Wakamba wanavyowaita nyanya, aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa.

"Ndiye huyu wa dawa? Keti hapo. Usiguse kitu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Alimketisha mtoto karibu na jiko, akamwonyesha sufuria tupu, akaigeuza juu chini. Akamwonyesha maji. Akamwachia achovye vidole katika unga. Akapika polepole, akanywa kwanza yeye, akanipa mimi, akampa Mwende. Kikombe cha bati akakiosha mbele ya macho yake. Mutinda alinusa, akakisukuma. Susu hakumbembeleza. Aliumwaga uji ule kwa kuku akaanza upya, sufuria tupu kwanza. Akarudia kesho yake asubuhi, akarudia mchana. Mara ya nne mtoto alinusa, akangoja kitambo, akanywa hadi tupu. Mwende alitoka nje kulia. Jioni ilikuwa haijafika.

Matone tuliyarudisha kwa uaminifu: kando ya uji, kwa kijiko chekundu, tukimwonyesha chupa. Tone moja kwa siku kwa juma zima, kisha mawili. Ilichukua miezi, lakini damu yake ikapanda.

Miaka yangu ya mwisho niliitumikia Kitui, nikiwa msimamizi wa maafisa vijana. Wazazi wa watoto wenye usonji waliniletea makopo ya unga kutoka kwa wachuuzi walioapa kwamba utamfanya mtoto azungumze. Niliwajibu wote jibu moja: virutubisho hujaza upungufu uliopimwa, lakini havifuti usonji, na anayekuuzia tumaini hilo anakudanganya. Lakini maafisa wangu niliwakemea zaidi. Kumdanganya mtoto kwa nia njema ni kumdanganya. Asiyesema hana namna ya kukushtaki, kwa hiyo deni la ukweli kwake ni kubwa maradufu.

Nilipostaafu nilirudi Mukuyuni, nikaenda nyumbani kwao Mutinda. Mutinda sasa ni mrefu kuniliko, na bado hasemi. Nilimwambia mbele ya mama yake, "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Hakunitazama. Aliuchukua mkoba wangu, akatoa kitu kimoja kimoja, miwani, kitambaa, Biblia, funguo, akavinusa, akavirudisha vyote na kuufunga.

"Ngoja," Mwende akaninong'oneza. "Huwa hakuli karibu na mtu hamwamini."

Mutinda akachukua kikombe chake cha uji, akavuta kiti, akaketi karibu nami, akaanza kunywa.