Paa niliagiza mimi, lawama akabeba Habiba

Wakuu, poleni na jua la huko mliko. La huku Garissa sitalisema.

Hili nimelibeba mwaka na zaidi. Sijatia chumvi, na watakaonitukana watakuwa na haki yao. Naomba tu mnisome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa procurement, ofisi ya serikali. Nililetwa huku kutoka down Kenya, ndivyo wenyeji wanavyoita kwetu. Kazi yangu ni makaratasi: kutayarisha tenda, kuona mshindi amepatikana kihalali, na kukagua kazi kabla ya kuipokea.

Watu hudhani sisi wote tunakula. Wapo wanaokula, sikatai. Mimi nimechoka tu.

Basi tukaambiwa tutangaze tenda ya crush, kituo kimoja njia ya Hulugho. Crush ni kichochoro cha vyuma. Mnyama anapitishwa humo mmoja mmoja adungwe sindano bila kurusha mateke.

Mwaka wa serikali ulikuwa unakwisha na boss anapiga simu kila saa. Nikafanya kile ambacho nusu yenu mlio maofisini mmekifanya. Nikachukua BQ ya zamani, ile orodha ya vifaa na vipimo, kutoka kaunti moja ya milimani. Nikabadilisha jina la mahali na tarehe. Nikaprint.

Huko milimani mvua haina mchezo, kwa hivyo BQ ile ilikuwa na paa la mabati juu ya crush. Urefu mita mbili. Ng'ombe anapita vizuri kabisa.

Wakuu, huku watu wanafuga ngamia.

Aliyeshinda tenda ni Habiba, mama wa makamo, mzaliwa wa kituo kile kile. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya serikali na aliipata kihalali. Kabla hajachimba hata shimo moja, akanipigia simu.

"Walaal, hii mabati iko chini sana. Ngamia itabita wabi?"

Walaal ni ndugu. Ndugu yake nikaifungua ile BQ, na nikajua papo hapo kosa ni langu.

Lakini kubadilisha vipimo baada ya mkataba kutiwa sahihi kunataka barua, kamati, mhandisi, na maelezo ya kwa nini hukuona mapema. Hayo maelezo ndiyo niliyoyaogopa. Nikamwambia ajenge kama ilivyoandikwa, akigeuza hata msumari audit watamkatalia kazi.

Akaomba nimwandikie hivyo. Nikamwandikia barua, na muhuri juu. Siku ile nilijiona mtaalamu, Mungu anisamehe.

Ukaguzi ukapangwa siku moja na chanjo. Tulifika asubuhi, kamati ya watu watatu. Crush inang'aa, welding safi. Pima huku, pima kule, kila kitu sawa na karatasi.

Akaletwa ngamia wa kwanza. Alipofika kwenye paa akasimama. Wakamvuta, nundu ikagonga mabati, akalia kwa sauti na wa nyuma wakatawanyika. Watu wakacheka.

Halafu wakaacha kucheka. Wengine walikuwa wametembea siku mbili kuleta mifugo.

Ikabidi ngamia wadungwe nje, wakifungwa miguu na kulazwa mmoja mmoja, kama zamani. Kufika adhuhuri wengi walikuwa hawajafikiwa, na wenyewe wakaondoka nao. Kisima kiko mbali, na ngamia hawangoji kamati.

Mzee mmoja, baba mdogo wa Habiba, akamgeukia mbele ya watu wote.

"Habiba, wewe umezaliwa hapa. Maziwa ya ngamia ndiyo imekulea. Leo unajengea ngamia nyumba ya mbuzi? Wallahi umetutia aibu."

Habiba akatia mkono kwenye mkoba. Niliiona kona ya bahasha yenye barua yangu. Akaniangalia.

Mimi nikainamia faili, nikajifanya nasoma.

Akafunga mkoba. "Nimekosea, adeer," akamwambia baba yake mdogo. "Nisamehe."

Nikatia sahihi: kazi imekamilika kulingana na vipimo. Hakuna neno la uongo hapo, nendeni mkakague.

Tukielekea garini nikamuuliza mbona hakuitoa ile barua.

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Alisema bila hasira. Afadhali angenitukana.

Hajaomba tenda tena. Anauza vitambaa hapa mjini, na nikipita ananisalimia na kuniulizia watoto. Lile paa sasa ni kivuli cha mbuzi.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia kwa aibu. Kabla hujaandika vipimo, nenda site uwaulize wenye mifugo. Na ukikosea, sema siku ile ile mbele ya watu wale wale, kwa sababu baadaye mdomo unazidi kuwa mzito.

Mlio serikalini, nani amewahi kumwachia mwenzake kosa lake? Ulilirudisha vipi? Nataka kwenda kumwambia yule mzee ukweli. Gari la ofisi huenda kule kila mwezi, na kila mwezi napata sababu ya kubaki.

Jina la Habiba nimelibadilisha ili asisumbuliwe. Langu hamtalipata: hii ID nimeifungua leo, kwa ajili ya uzi huu tu.