Pindo la Pili

Ofisi yetu ya utafiti ilikuwa Nakawa, nyuma ya karakana ya cherehani, na kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wanakumbuka nini. Katika Kampala ya miaka ile! Sijui ni nani serikalini aliyekubali kulipia kazi kama hiyo, lakini ililipiwa. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, viwanda vimebaki na mashine zisizo na wenyewe, na wakubwa walitaka kujua mtu mzima ambaye hajawahi kugusa mashine atajifunza vipi upesi: anatazama nini, anakumbuka nini, mkono wake unazoea lini.

Aliyetuongoza alikuwa daktari mmoja Muganda, msomi wa ng'ambo, mpole, aliyekosea Kiswahili bila haya. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kwetu ni watu wa asili ya pwani. Babu zetu walikuja na biashara wakalowea, na nyumbani Lubaga Kiswahili kilikuwa cha kujivunia, na cha kuwachekea wengine. Siku hizo sikuwa na wa kucheka naye. Mama na kaka zangu walihamia Mombasa duka letu lilipofungwa, nikabaki mimi kwa ajili ya kazi, na kwa ukaidi. Nilipika kijungu kidogo, nikala nimesimama. Majirani tuliinuliana mikono, kila mmoja akiuwahi mlango wake. Upweke ulinibana hata nikaanza kuijibu redio, tena kwa sauti ya chini, maana redio yenyewe sikuiamini.

Jaribio letu lilikuwa jepesi. Mezani palikuwa na sinia lenye mkasi, ufunguo, kijiko, kibiriti, kibiringo cha uzi, kifungo cha sare na vikorokoro vinginevyo. Mtu anavitazama kidogo, nafunika kwa kitambaa, kisha namuuliza, "Umeona nini?" Anayetaja vingi anapata nafasi katika darasa la ushonaji, na chumba nyuma ya karakana. Waliokuja wengi walikuwa wake wa polisi kutoka kambi ya Nsambya.

Walishindwa vibaya mno. Mmoja hakuona, wa pili hajui, wa tatu amesahau.

"Andika sifuli, nyabo," daktari aliniambia kwa huzuni, akiniita bibi kwa Kiganda chake, nami niliandika.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa kaskazini, mrefu, gauni limepigwa pasi vizuri. Mumewe alikuwa polisi, na sasa hakujulikana alipo. Kambini walikuwa wamemwambia ahame mwezi ukiisha, chumba apewe mwenye mume. Alitueleza hayo mwenyewe kabla hajaketi, na hakuwa na pengine pa kwenda. Nikamwonyesha sinia, kisha nikalifunika.

"Umeona nini?"

"Mimi hapana ona kitu."

"Hata kimoja?"

"Hapana ona, mama."

Alikuwa akitazama mlango. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Mama yangu alizoea kusema macho hayana pazia. Nilipomtazama yule mwanamke nilijiona mjinga kwa kuchelewa kuelewa: mji mzima ulikuwa umeyashonea macho pazia, nami nikiwamo. Mtu wa serikali ameketi mezani na kalamu mkononi, anakuuliza umeona nini. Nani angemjibu?

Nikamwomba daktari ruhusa. Nikavimimina vile vitu kikapuni, nikavichanganya na vingine, nikamsogezea.

"Usiseme neno," nikamwambia. "Vipange tu kama vilivyokuwa."

Akavipanga. Mkasi ukaelekea dirishani, kijiko kikalala kifudifudi, ufunguo ukarudi kando ya kibiriti. Kifungo cha sare alikaa nacho kiganjani.

"Wao kamata yeye mchana," akasema, kama anayekiambia kile kifungo. "Halafu wao rudi, uliza mimi, wewe naona nani? Mimi sema hapana ona muntu."

Kisha akakiweka mahali pake. Daktari akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kumbe tulikuwa tunapima woga," akasema. Tukampa nafasi, na wenzake waliofeli tukawaita tena.

Alijifunza haraka. Saa ya chai alikuja kwenye meza yangu na ufuta wa kukaanga aliofunga katika karatasi, tukautafuna pamoja. Hatukuzungumza mengi. Alinicheka namna ninavyouokota punje kwa punje, na mimi nikamcheka anavyosema "muntu". Nilikuwa nikiamka asubuhi nikiingojea saa hiyo.

Kisha siku moja daktari hakuja. Alikuwa amekimbilia Nairobi bila kumuaga mtu, wala simlaumu. Mimi sikuwa na habari hizo. Nilifika karakana nimejitanda mtandio wangu, nikakuta cherehani zote kimya na wanaume watatu wenye miwani ya jua wamesimama katikati ya darasa. Walikuwa wakimtafuta mwanamke aliyefanya kazi na daktari.

"Wewe nani?" mmoja akaniuliza.

Ulimi wangu, ule wa kujivunia, ulianza kutafuta uongo. Yule mwanamke akainuka kwenye cherehani yake.

"Huyo naleta nguo, afande."

"Unamjua?"

Akanitazama usoni, akanitazama vizuri, kama alivyolitazama lile sinia.

"Hapana. Mimi hapana ona yeye hata siku moja."

Akaja, akanivua mtandio mabegani, akarudi nao kwenye mashine. Mtandio ulikuwa na pindo tayari. Akashona pindo jingine juu ya lile la kwanza, taratibu, mshono umenyooka, wale wanaume wakimtazama mikono. Darasa zima liliinamia vitambaa vyake. Hakuna aliyeona kitu.

"Kazi nakwisha, mama," akasema akinipa. "Enda."

Nikaenda. Sikurudi tena.

Kabla sijapata njia ya kwenda Mombasa nilimkuta mara moja sokoni Nakawa, kwenye nyanya. Moyo ulinidunda kwa furaha. Wiki nzima sikuwa nimeongea na mtu. Kando yetu alisimama mwanamume mwenye miwani ya jua, huenda mnunuzi tu, huenda siye. Yule mwanamke akanipitishia macho kama anayetazama mkungu wa matoke, akachagua nyanya zake, akazilipia, akaondoka. Mtandio ulikuwa begani kwangu. Nilikuwa na asante nzito iliyonijaa kifuani, nami nikainama kuchagua nyanya, kwa sababu tulikuwa hatujuani.