Friji Iliyohamia Stoo

Kwetu, bonasi ya chai ilipotoka, kila nyumba ilinunua kitu cha kuweka sebuleni. Mwaka huu makochi, mwaka ujao redio kubwa ya kaseti, na mtu akipita barabarani huku mlango uko wazi alijua majani yenu yamelipa vipi. Mimi nilinunua friji.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi ndiye kifungua mimba, na nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nichume chai na kukamua ng'ombe tulioachiwa. Tuliachiwa stima pia, kwa sababu nguzo za kwenda kiwandani zilipita kando ya shamba na baba alijinyima mpaka akaunganishiwa. Tulikuwa na taa na redio tu, na bili yake hatukuiwazia.

Shida ilikuwa maziwa ya jioni. Lori la maziwa lilipita asubuhi peke yake. Ya jioni tulikunywa, mengine tukayatia kwenye kibuyu yagande yawe mursik, na yaliyobaki yakaharibika au yakauzwa kwa bei ya huruma. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa anamaliza darasa la nane, nami nilikuwa nimeamua kwamba huyu hataacha shule kama mimi. Nikiweza kuyafikisha maziwa ya jioni asubuhi yakiwa mazima, karo yake ingepatikana.

Muuzaji wa Kericho alinionyesha friji mbili. Moja kubwa ya bei nafuu, nyingine ndogo, ghali zaidi, yenye kuta nene na kibandiko mlangoni cha kusema haitumii stima nyingi. Nilichukua hiyo ndogo na kurudi nyumbani nimeinua kichwa.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyetusimamia tangu mazishi. Aliizunguka ile friji kama anayekagua ndama sokoni.

"Huyu ng'ombe wako mweupe atakula stima usiku na mchana," akasema, "na mimi sijaona mahali pa kumkamulia."

Tulicheka wote. Kisha akatoa vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, akaifunika friji juu, kando, mpaka nyuma. Tuliisukuma sebuleni hadi ikagusa ukuta wa jikoni, mahali ambapo mgeni angeiona kabla hajasalimiwa.

Bili ya kwanza ilimeza pesa zote za maziwa ya jioni na kutaka nyingine juu yake. Safari hii shangazi hakufanya mzaha. Aliniketisha, akaniambia kwamba kuna mwenye hoteli Litein anayetafuta friji. Tungojee bili ya pili. Ikija kama ile ya kwanza, friji iuzwe na pesa zimpeleke mtoto kidato cha kwanza.

"Shule haitakungoja umalize kujivunia friji," akasema. Lilikuwa neno la haki.

Mita yetu ilikuwa na kisahani chenye alama nyekundu, kinachozunguka ndani ya kioo. Nikaanza kukichungulia, taa na redio zikiwa zimezimwa. Jioni, moto wa ugali ukiwaka upande wa pili wa ukuta na maziwa yakiwa yameingia na joto la ng'ombe, kisahani kilikimbia. Alfajiri, baridi ikiwa imeshika nyumba, kilisimama muda mrefu kabla ya kusogea tena. Nikapitisha mkono nyuma ya friji, chini ya vitambaa. Pale palikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Friji haikuwa mlafi. Sisi ndio tulioivalisha sweta, tukaikalisha karibu na moto, kisha tukaidai baridi.

Nikamwita fundi avute waya hadi stoo, nyuma ya nyumba, upande usiopata jua. Huko tuliweka mahindi na mbolea, na baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuumiza vidole. Tuliihamishia friji huko bila vitambaa vyake, nikaiachia nafasi ya kupumua kati yake na ukuta. Maziwa nayo nikayaweka kwanza ndani ya karai la maji ya chemchemi, yapoe ndipo yaingie. Wadogo zangu nikawakataza kuifungua kuwaonyesha wenzao.

Jumapili, wanawake wa kanisa walikuja kunywa chai wakakuta pengo sebuleni. Mmoja aliuliza kwa upole kama wenye duka wameichukua. Nilipowaambia iko stoo walicheka sana, maana nani ananunua kitu cha bonasi akakificha na mbolea? Shangazi hakucheka nao. Walipoondoka alisema nimemwaibisha, kazi ya mikono yake nimeivua mbele ya watu.

"Shangazi, vitambaa vyako viko kwenye makochi, watu wanavikalia kwa heshima," nikamwambia. "Friji inataka baridi yetu, haitaki urembo."

"Na bili ikija?"

"Ikija kama ile, nitaibeba mwenyewe hadi barabarani."

Bili ilipofika, mwenye hoteli naye akaja na pikapu yake, kamba tayari mkononi. Shangazi alinifanya niisome kwa sauti, halafu akampa mdogo wangu aisome tena, kwa sababu hakuniamini. Maziwa ya jioni chache tu yangeilipa. Mengine yote yalikuwa yetu.

Shangazi alitoka nje polepole. "Ndugu yangu, umepoteza petroli," akamwambia yule mtu. "Hii haiuzwi."

Mwenye hoteli alinuna, lakini tulimpa kikombe cha maziwa baridi, na alipokimaliza aliuliza tunayo kiasi gani. Tangu wiki hiyo maziwa ya jioni yalienda hotelini kwake, kwa bei iliyoshinda ya lori.

Januari tulimpeleka mdogo wangu sekondari. Mimi nilibeba sanduku, yeye godoro, na shangazi hakubeba chochote isipokuwa habari. Kila tuliyekutana naye njiani alisimamishwa.

"Huyu anasomeshwa na maziwa ya jioni," alisema, na kabla hajaulizwa alianza kueleza mahali pa kuweka friji.

Nililipa karo, nikamwona akiingia na sare yake mpya, kisha nikageuka na kuongeza mwendo. Ng'ombe walikuwa wananingoja.