Ng'ombe Walipolala Shambani Kwetu

Juzi nilikwenda Mbarara kununua mbegu ya mahindi, na pembeni mwa mji harufu ikanisimamisha: moshi wa mavi makavu ya ng'ombe. Usikunje pua, wewe unayesoma. Kama umewahi kula mahindi ya Isingiro, mavi hayo umeshayala.

Moshi ule ulinirudisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Kashojwa, nikiwa mtoto. Kazi yangu ilikuwa debe. Nilikaa juu ya kichuguu pembeni mwa shamba letu, na ng'ombe wa Mzee Kamugisha, mfugaji wa kilimani, wakikaribia mahindi, nalipiga kwa fimbo mpaka masikio yangu yenyewe yanalia. Pembe zao zilikuwa ndefu kuliko mimi. Niliwaogopa, lakini debe lilinipa kiburi.

Mama hakuwa mtu wa kucheka. Tulikimbia Kongo bila baba, na kile kipande cha ardhi ndicho kilitulisha. Mwaka ule udongo ulikuwa umechoka. Mahindi yalitoka ya manjano, membamba kama vidole vyangu. Mama akasema wazi: msimu ujao ukiwa hivi, tunafunga vyombo, tunakwenda Rugaaga kulima mashamba ya watu na kulala kwenye vibanda vyao.

Tulipokwisha kuvuna, jioni moja nikaona vumbi linashuka kilimani. Kundi zima! Nikakamata debe, nikakimbia mbele yao. Mama akanishika mkono kwa nyuma.

"Weka iyo debe chini, Nzigire. Baache baingie."

"Mama, batakula mabua yote!"

"Ndiyo maana nilibaita."

Jirani yetu, Mama Bahati, akashika kiuno. "Ee, Mama Nzigire! Siku zote unafukuza bang'ombe, leo unabaalika kama bakwe?"

"Bakwe banakula na banaenda," mama akamjibu. "Hawa bataniachia kitu."

Wakaingia! Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zangu, pembe ziligongana, mabua yakavunjika kwa-kwa-kwa mdomoni mwao. Mzee Kamugisha, niliyemtukana msimu mzima kutoka kichuguuni, akaketi kwetu, akawasha mavi makavu ili moshi ufukuze inzi. Akanitazama.

"Wewe ndiyo ile mutoto ya debe? Ng'ombe yangu inaogopa wewe kuliko chui."

Nilicheka mpaka nikasahau kumchukia.

Wakawa wanalala kwetu. Kila jioni mama alipanda kichuguu changu akitazama kilima, na kila jioni kundi lilishuka mbio. Asubuhi shamba lilijaa mavi yanayotoa mvuke, mama akitembea katikati yake kama mwenye duka anayekagua mali. Akayafukia kwa jembe, mvua ikaja, na mahindi yakatoka ya kijani kinachokaribia weusi. Niliingia ndani yake nikapotea, nikapiga vigelegele peke yangu! Rugaaga hatukwenda. Mama alisema mbele ya sufuria ya ugali, na safari hii alicheka:

"Ule muzee nilimukamata. Nilimupa takataka, akanipa shamba."

Miaka yote niliamini hivyo.

Sasa, juzi, nilifuata moshi mpaka kwenye ua, nikamkuta mwanamke wa umri wangu akipepea moto karibu na ng'ombe wake wawili wa maziwa. Tukaulizana habari za kwetu, kumbe ni Jovia, binti ya Mzee Kamugisha! Akanipa kikombe cha maziwa. Nami nikamsimulia, bila haya, jinsi mama alivyomkamata baba yake.

Jovia alicheka mpaka akashika mti wa ua.

"Dada, mwaka ile majani ilikwisha kabisa kilimani, ng'ombe yetu ilianza kuanguka. Baba alikuja nyumbani anaimba! Alisema, leo nimekamata ule mama mukimbizi. Ananipa chakula ya ng'ombe, mimi namuachia mavi!"

Niliyanywa maziwa yale polepole. Nilidhani mama alipanda kichuguu kulinda mali yake. Kumbe aliogopa hawatakuja. Na mzee kule juu aliwakimbiza ng'ombe waje kwetu kabla mama hajabadili nia. Watu wawili wenye shida walitazamana msimu mzima, na katikati yao nilikaa mimi, napiga debe wasisikilizane.