Mtoto wa Mwisho Ukurasani

Tangu Kariokor nilikuwa nikiuliza mahali pa kuchapiwa makala kwa kompyuta, na kila mtu alinielekeza kwa fundi wa redio. Fundi wa tatu ndiye aliyenileta Ziwani, kwenye chumba kilichoandikwa mlangoni "Makao Makuu". Makao yalikuwa na meza mbili, printa moja na Asenath, mama wa makamo aliyechomeka diski moja baada ya nyingine bila kunitazama.

"Keti. Natafuta watoto."

Kampuni yao iliuza programu ya kuchapisha orodha za watoto wa kuchanjwa. Mwaka huo wa 1997 Muturi, mwenye kampuni, alitoa toleo la nne, lenye fremu ya kupendeza kila ukurasa. Zahanati, kwa kukosa shukrani, nyingi ziling'ang'ania la pili na la tatu. Kuyatunza hayo mazee ilikuwa kazi ya Asenath.

Asubuhi hiyo muuguzi wa Dandora, mwenye toleo la nne, alipiga simu: mtoto wa mwisho wa ukurasa hachapishwi. Mmoja hakuitwa, na sasa ana surua.

"Kosa hili nililiondoa tisini na nne," Asenath alisema, akinifungulia daftari lake la makosa. "Limerudi lini?"

Orodha yake ya majaribio ilikuwa na majina ishirini. La mwisho lilikuwa Nekesa, bintiye. "Huyu akipotea, nitaona."

Toleo la pili: Nekesa yupo. La nne: hayupo. La tatu: hayupo.

Muturi akachungulia. "Mama Nekesa, achana na ya kale. Wape wote la nne."

"La nne ndilo gonjwa, bosi."

"Lakini lina fremu."

"Nzuri sana. Mtoto tu ndiye hayumo."

Daftari likamaliza ubishi. Muturi alinakili la tatu kutoka la pili wiki moja kabla Asenath hajalirekebisha, na la nne likatoka kwa la tatu. Miaka mitatu, zahanati kumi na moja.

"Tuwaandikie barua ya heshima," Muturi akashauri.

"Surua haisomi barua." Asenath alirekebisha mstari mmoja katika la tatu na la nne, akafunga diski ndani ya leso. "Naanza Dandora. Nachapisha upya hukohuko, waliorukwa waitwe." Akanigeukia. "Wewe kaa na simu. Zahanati ikipiga, uliza toleo, andika daftarini."

"Na makala yangu?"

"Toleo la ngapi?" akauliza, akatoka.

Simu ikalia. Muturi alikuwa na shughuli nyingi, akinyoosha fremu. Nikaipokea mimi.

"Makao Makuu. Mnatumia toleo la ngapi?"