Bwana Shamba na Kitenzi cha Kupiga

Mpaka leo nikisikia mtu anamsifu mgeni kwamba anakijua Kiswahili, damu inanichemka. Anakijua wapi? Mimi nilimfundisha mmoja.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana hapa Bagamoyo. Bwana Shamba, Mwingereza aliyesimamia kilimo cha mihogo na korosho kule Kiwangwa, alikuwa na mtihani wa Kiswahili wa serikali, na asipofaulu hapandi cheo. Mwalimu mkuu akaniambia nimfundishe, na enzi zile ukiambiwa hivyo huulizi. Jioni akija tunakaa barazani kwetu. Kilichompendeza kuliko vyote ni kitenzi cha kupiga. Kupiga pasi, kupiga deki, kupiga soga, kupiga chafya, yote aliyakusanya kama mtoto anayeokota kauri. Kupiga hodi nilimweleza kwa kituo: unasimama nje ya mlango, unaita, unangoja, ukiita mara ya tatu na kimya bado, unarudi ulikotoka. Akakariri bila kukosea.

Kisha baba akafa, mama akaingia eda. Kwetu pwani mjane anatulia ndani na nguo zake nyeupe, na mwanamume asiye maharimu yake, yaani yeyote anayeweza kumwoa, hatakiwi kumtia machoni mpaka eda iishe. Mama aliishika eda ile kwa roho yake yote. Alituambia hicho ndicho kitu cha mwisho anachoweza kumfanyia mumewe, na atakifanya kikamilifu. Masomo nikayasimamisha. Nikamwambia Bwana Shamba kwa kinywa changu kwamba nyumba ina mjane, asije.

Akaja. Eti mtihani umekaribia, ana maswali. Hakuniona barazani, basi akapita mlangoni, akapita ukumbini, mpaka uani na viatu vyake. Mama alikuwa anachambua mchele, kichwa wazi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni, nikasikia ukelele, nikaja mbio. Nikamkuta yule bwana amesimama katikati ya ua wetu, kofia mkononi, anatabasamu.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwa nini mama anapiga kelele?"

Sarufi safi kabisa. Nilitamani kumzaba kofi. Nikamshika mkono nikamtoa nje, nikamwambia hukupiga hodi. Akajibu mlango ulikuwa wazi. Mlango wetu mchana uko wazi kwa jirani, siyo kwa kila mwenye miguu, na hilo nilikwisha kumfundisha! Kesho yake mwalimu mkuu akanikaripia mimi, kwa kumshika mzungu mkono. Na yule bwana mtihani akafaulu, tena kwa sifa.

Sheikh alikuja, akasimama nje ya mlango, akamwambia mama eda yake haikuharibika, kwani kuonwa bila kutaka si kosa lake. Mama akaitikia, "Ndiyo, sheikh." Lakini moyo wake haukukubali. Eda ilipokwisha, wanawake wa mtaani walikuja kumwogesha na kumvika nguo mpya kama ilivyo ada, akakataa. Alisema bado hajaimaliza. Akabaki na nyeupe zake, mlango kaukomea mchana kutwa, na hata mimi mwanawe wa kumzaa nikipiga hodi hafungui mpaka aniulize kwanza, "Uko peke yako?"