Swali la Saba

Tangu lori la chuo lilipoacha lami na kushika njia ya Lupaso, Evelina hakutulia. Mara arekebishe kilemba, mara ahesabu upya fomu zilizokuwa mapajani, mara amwulize Faridi ni saa ngapi. Wenzao waliimba. Kwao hii ilikuwa wiki ya huduma kwa jamii, ambayo wanachuo wa mwaka wa pili pale Masasi huifanya kila Januari. Kwake ilikuwa kurudi kijijini na fulana ya chuo mwilini, kwenda kuwauliza watu waliomlea kama wana njaa.

Alizaliwa Newala. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka sita, alichukuliwa na mama yake mdogo, Anastasia, akakulia Lupaso. Huyo ndiye aliyemsomesha, kwa korosho na kwa vibarua vya kulima mashamba ya watu. Msimu huu ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umekausha maua ya mikorosho, na muhogo ukaozea ardhini. Evelina aliyasikia hayo kwa watu wengine, maana mama mdogo hakuwa mtu wa kueleza shida zake kwenye simu.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. La saba liliuliza kaya inakula milo mingapi kwa siku. Kwa jibu hilo Mwalimu Kulwa, mkufunzi wao, mtu wa Shinyanga mwenye haraka nyingi na moyo mzuri, angechagua nani apewe unga na maharage yaliyochangwa mjini. Mlo mmoja, unapata. Mitatu, hupati.

Yeye na Faridi walifika kwa Anastasia saa tano asubuhi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibuni mkae."

Faridi naye akaamkia, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuuliza kwa adabu. Walipofika swali la saba, Anastasia alijibu bila kupepesa: "Mitatu."

Faridi akaandika. Evelina alikuwa anatazama jikoni. Kuku alikuwa amejilaza katikati ya mafiga, juu ya majivu yaliyopoa zamani. Pembeni, kwenye ungo, kulikuwa na maganda ya ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo watu huchimba shamba likiwatupa. Mama mdogo alimtazama mara moja tu, kisha akaendelea na swali la nane.

Jioni walikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Mwalimu Kulwa alijumlisha. Katika kaya mia na kumi, tisa tu zilisema mlo mmoja.

"Kumbe hali si mbaya kama tulivyodhani," alisema. "Vitakavyobaki tutavipeleka kijiji cha Lukuledi kesho."

Evelina akajikuta amesimama. "Mwalimu, watu hawakusema kweli. Swali lenyewe linatia aibu."

"Nani hakusema kweli?"

Hapo ndipo alipoteleza. Angeweza kusema ni wengi. Angeweza kusema twende tukaangalie mashamba. Lakini yale maganda yalikuwa bado machoni pake, akasema: "Mama yangu mdogo."

Mwalimu Kulwa hakuwa mtu wa kungoja. Kabla jua halijazama wanachuo kumi walikuwa njiani na mfuko wa unga, wanaimba, mmoja anapiga picha kwa simu, majirani wanafuata nyuma. Evelina alikimbia awatangulie, hakuwahi. Anastasia alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akaisikiliza hotuba ya Mwalimu Kulwa mpaka mwisho.

"Ahsanteni wanangu," alisema. "Hapa tunakula. Mpelekeeni mwenye njaa."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nyimbo zikafa pale pale.

Evelina alizungukia mlango wa uani. "Mama mdogo..."

"Umenianika, Evelina." Sauti haikupanda. "Miaka kumi na tano nakuficha siku ambazo sufuria halina kitu, leo umeleta watu waje walitazame."

"Nilitaka upate chakula."

"Nitakula wiki mbili. Halafu? Mtarudi mnipige picha tena?" Alinyoosha kidevu kuelekea shambani. "Kilichonishinda ni ule muhogo. Kila mwaka napanda mbegu ninayokata humo humo kwenye ugonjwa. Kama chuo chenu kinajua kitu, kilete mbegu nzima."

Evelina alipowapelekea wenzake maneno hayo, Faridi, aliyekuwa mwenyeji wa Newala, alimkumbuka shangazi yake, Bi Shakila. Yeye na kikundi chake cha akina mama walikuwa wanazalisha mbegu safi za muhogo. Mwalimu Kulwa, ambaye tangu mlango ule ufungwe alikuwa amepungua maneno, alitoa lori bila kuuliza.

Asubuhi walipanda hadi Newala. Walimkuta Bi Shakila kwenye foleni ya maji, ndoo mbili miguuni. Alisikiliza habari yote, akauliza jambo moja.

"Mvua imeshika huko kwenu?"

"Imeshika, Bi Shakila," alijibu Evelina.

"Basi msikae kunywa chai. Pingili zikikauka hazioti."

Walikata pingili za mashina ya muhogo hadi viganja vikachubuka.

Lupaso safari hii hapakuwa na fomu. Mtendaji wa kijiji alitangaza kwamba mwenye jembe aje achukue mbegu, na watu wakaja wengi, wakiwemo wa milo mitatu. Kuhusu unga uliokuwa uende Lukuledi, Anastasia mwenyewe alisimama mkutanoni akataka upelekwe shuleni, watoto wapikiwe uji, akina mama wapike kwa zamu, na mpishi anywe anachopika. Zamu ya kwanza aliishika yeye. Evelina alimwona kwa mbali, kikombe mkononi, amewapa watu mgongo.

Siku ya mwisho walipanda pamoja. Kila Evelina alipoanza kuomba radhi, mama mdogo alijibu habari za muhogo tu. "Ilaze hivi. Usiizamishe sana."

Chuoni hakukalika. Alimwomba Mwalimu Kulwa alifute swali la saba, akalifuta, kisha akamwambia alete lingine badala yake. Evelina aliandika, akachana. Akaandika tena, akachana.

Oktoba alikwenda Lupaso peke yake. Anastasia alikuwa anang'oa muhogo, mizizi minene na myeupe ilipovunjwa. Walichemsha, wakakaa kula.

"Nilikukosea, mama mdogo."

"Ulinikosea," alisema Anastasia, akamsogezea sahani. "Kula."

Evelina alikula. Lakini njiani alikuwa ameona mashamba matatu kule bondeni hayana muhogo hata shina moja, na watu wake hakukumbuka kuwaona siku ile ya mbegu. Kabla hajamaliza kipande cha pili alishanyanyuka, anatafuta viatu.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Bondeni. Narudi sasa hivi," alisema, na tayari alikuwa njiani.